Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana kazi gani maabarani?

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa hewani katika kipindi chetu cha elimu na sayansi. Tumeyaweka hapa kwa ajili ya wasikilizaji walioomba kuyasoma kwa utulivu.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiniletea barua, simu, na mara moja hata mgeni mlangoni saa nne usiku.

Mgeni huyo alikuwa jirani yangu, mwenyeji wa Tanga, ambaye ameishi Marekani miaka ishirini na ushei na anafanya kazi ya zamu katika ghala la mizigo. Mkononi alishika karatasi. Binti yake, wakati huo mwaka wa pili wa shahada ya uhandisi wa kibayolojia, alikuwa amepiga chapa barua aliyoipata kwa mtandao na kuiacha juu ya meza ya chakula. "Ndugu yangu," akaniambia hata kabla ya kuketi, "wewe ndiye uliyesomea mambo ya habari. Nisomee hii, unieleze. Huyu mtoto anasema kiangazi hiki haji ghalani. Anakwenda chuo kingine, wiki kumi, kufanya utafiti. Utafiti gani, naye hata shahada hana?"

Swali lake halikuwa la ujinga. Wengi wetu tuliosoma nyumbani tuliuona utafiti kuwa kazi ya maprofesa na ya hao wanaotafuta shahada ya uzamivu. Mwanafunzi wa kawaida aliandika mradi wake wa mwaka wa mwisho, ukafungwa kwa jalada gumu, ukawekwa kabatini, na huko ndiko uliko hadi leo. Lakini katika vyuo vya Marekani desturi nyingine imeota mizizi. Mwaka 1969, katika chuo cha MIT, mwalimu mmoja wa fizikia aitwaye Margaret MacVicar alianzisha mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika maabara, wakae bega kwa bega na watafiti wakomavu, washughulikie maswali ambayo majibu yake hayajulikani hata na mwalimu mwenyewe. Vyuo vingine vikafuata. Na tangu mwaka 1987 Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, NSF, umekuwa ukitoa fedha kwa vyuo ili vipokee wanafunzi kutoka vyuo vingine wakati wa likizo ya kiangazi, kwa muda wa wiki nane hadi kumi, kwa posho, na aghalabu kwa malazi. Barua aliyokuwa nayo jirani yangu ilikuwa ya mpango huo: wiki kumi, posho ya dola 6,000, na chumba cha bure katika bweni.

Nilimsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kupiga hesabu kwa vidole. Huko ghalani alikwisha kumsemea binti yake apate kazi ya dola 18 kwa saa. Saa 40 kwa wiki, kwa wiki 12, ni dola 8,640. Toa 6,000, zinabaki 2,640. Hizo ndizo zilizomleta kwangu usiku ule. Zilikuwa ada ya shule ya watoto wawili wa marehemu kaka yake walioko Tanga, na alikwisha kuahidi.

Sasa, msikilizaji, ili ulielewe shauri hili inabidi nikurudishe nyuma kidogo. Uhandisi wa kibayolojia ni elimu ya kutumia hesabu, fizikia na ufundi katika mambo ya mwili: kutengeneza kiungo bandia, kuotesha ngozi ya kuwatibu walioungua, kubuni mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua, au kifaa cha kupimia damu bila sindano. Ni fani changa, na mengi ndani yake hayajaingia katika vitabu vya kiada. Anayesoma darasani peke yake anayapata yaliyokwisha kupoa. Yaliyo moto yako maabarani.

Binti huyu swali lake lilizaliwa nyumbani kwao. Mnamo Januari 2021 baba yake alilazwa kwa ugonjwa wa Corona. Walimbana kidoleni kile kifaa kidogo cha kupimia oksijeni, oksimita, ambacho asili yake ni ubunifu wa mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Namba ilisoma 95. Wauguzi wakaridhika. Mwenyewe akilalamika kwamba kifua kinambana, akaambiwa namba ni nzuri. Siku ya pili walipomtoa damu katika ateri wakaipima, oksijeni ilikutwa iko chini kuliko kidole kilivyosema. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini binti yake, ambaye wakati ule alikuwa bado sekondari, hakulisahau jambo lile.

Oksimita hufanya kazi kwa mwanga. Hupitisha kidoleni miali miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa infraredi usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni nyingi humeza miali hiyo kwa kiasi tofauti na damu iliyopungukiwa, na kifaa hulinganisha kinachotokea upande wa pili kikapata asilimia. Tatizo ni kwamba rangi ya ngozi nayo humeza mwanga. Mwezi Desemba 2020, yaani mwezi mmoja tu kabla ya jirani yangu kulazwa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya kulinganisha vipimo vya kidole na vya damu. Miongoni mwa wagonjwa ambao kidole kilisoma kati ya asilimia 92 na 96, asilimia 11.7 ya Weusi walikuwa kwa kweli wamepungukiwa sana na oksijeni, chini ya asilimia 88. Kwa Wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Mwongozo wa serikali ya Marekani wa mwaka 2013 ulitaka kifaa hicho kijaribiwe kwa watu wasiopungua 10, na kati yao wenye ngozi nyeusi sana wawe wawili, au asilimia 15. Wawili, msikilizaji! Rasimu ya mwongozo mpya, iliyotolewa Januari 2025, imependekeza kifaa kijaribiwe kwa watu 150 au zaidi, wa rangi mbalimbali za ngozi.

Binti alipoingia mwaka wa pili chuoni alikuja kwangu na barua aliyotaka kuwapelekea maprofesa. "Shikamoo mjomba, naomba uipitie." Niliipitia. Ilikuwa kama barua zote za namna hiyo: mimi ni mwanafunzi mwenye bidii, tangu utotoni naipenda sayansi, naomba nafasi yoyote. Nilimwambia aifute yote. Profesa hupokea barua kama hizo kila wiki, na hakuna hata moja inayomwonyesha kwamba mwandishi anajua maabara ile inashughulika na nini. Barua ya pili ilianza na kidole cha baba yake. Kisha ikamtajia profesa makala yake mmoja aliyoisoma, kuhusu ngozi bandia za kujaribia vifaa vya mwanga, ikamwuliza swali moja tu: je, ngozi iliyo nyeusi kuliko zote katika majaribio yenu inafikia weusi wa baba yangu? Barua nzima haikuzidi nusu ukurasa.

Alituma barua kumi na moja, kila moja na swali lake. Tisa hazikujibiwa. Ya kumi ilijibiwa kwamba hakuna nafasi. Ya kumi na moja, ya huyo mwenye ngozi bandia, ilijibiwa kwa mstari mmoja: njoo Alhamisi.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu hapa ndipo vijana wetu wengi wanapokwama. Wanadhani nafasi za utafiti hutangazwa ubaoni kama za kazi, na kwamba mwenye alama za juu ndiye huchukua. Alama zina kazi yake, na programu za kiangazi huziomba. Lakini mlango wa kwanza, ule wa maabara ya chuo chako mwenyewe, mara nyingi haujatangazwa popote. Huombwa kwa adabu na kwa swali. Na adabu tuliyolelewa nayo, ya kungoja mkubwa akuite, katika jambo hili inatuponza. Sisemi mtoto aache heshima. Nasema kwamba kwa wenyeji wa vyuo hivi, kumwuliza mwalimu swali juu ya kazi yake ndiyo heshima yenyewe.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo vya maabara. Baba yake alipopata habari nyumba iliwaka moto. "Nimehangaika na karo uende kuosha vyombo?" Ukweli ni kwamba chombo kikibaki na uchafu kidogo kipimo cha wiki nzima kinaharibika, kwa hiyo anayeosha ameaminiwa kuliko anavyodhani. Aidha, kila Ijumaa alikaa katika kikao cha maabara, akasikia watu wenye shahada kubwa wakikiri mbele ya wenzao kwamba jambo fulani limewashinda. Kufikia Januari alikuwa anachanganya silikoni na rangi kwa mizani. Na alipoomba ile programu ya kiangazi katika chuo kingine, barua ya mapendekezo iliandikwa na mtu aliyeiona mikono yake ikifanya kazi.

Basi nilipokuwa na jirani yangu usiku ule, nilimpa mfano mmoja ambao naona unafaa kwenu nyote.

Karibu na mwaka 2010, madaktari wa watoto katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, mjini Blantyre, Malawi, walikuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Rice cha Houston, katika mpango ulioongozwa na maprofesa Rebecca Richards-Kortum na Maria Oden. Shida yao ilikuwa watoto njiti. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, mapafu yake hayajawa na ule utelezi unaovizuia vifuko vya hewa visigandamane. Kila akitoa pumzi vifuko vinajifunga, na kila akivuta anaanza upya kuvifungua, mpaka anachoka, na akichoka hufa. Dawa ya hali hiyo ni kumpulizia hewa puani kwa msukumo mdogo usiokoma. Njia moja ni rahisi ajabu: mrija wa kutolea pumzi unazamishwa katika chupa ya maji, na kina cha maji kwa sentimita ndicho kinachoamua msukumo. Mapovu yakitoka, mashine inafanya kazi. Muuguzi anaona kwa macho. Kwa mashine zilizokuwa zikitumika Marekani gharama yake ilikuwa dola elfu kadhaa, nazo zilitegemea hewa ya kusukumwa kutoka ukutani, ambayo hospitali nyingi zetu hazina.

Kazi hiyo ilikabidhiwa kundi la wanafunzi wa mwaka wa mwisho, vijana ambao hata shahada walikuwa hawajapata, katika karakana ya chuo hicho ambayo wenyewe huiita jiko. Mashine yao ya kwanza ilikuwa pampu mbili za tangi la samaki wa mapambo ndani ya kisanduku cha plastiki cha kuhifadhia viatu. Usicheke. Ilipopimwa, ilitoa msukumo sawa na ule wa mashine za hospitali za Marekani. Ikaboreshwa, ikajaribiwa Blantyre, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: kati ya watoto wachanga wenye shida kubwa ya kupumua waliotibiwa kwa mashine hiyo, asilimia 71 walipona, kwa waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani ilikuwa asilimia 44. Mashine ikaitwa Pumani, neno la Kichewa ambalo sikio la Mswahili halihitaji kutafsiriwa, kwani pumua na pumzika ni ndugu zake. Baadaye ikaingia katika mpango mpana uitwao NEST360, unaofanya kazi na hospitali za Malawi, Kenya, Tanzania na Nigeria, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, ni miongoni mwa washirika wake. Kwa hiyo njia hii haiendi upande mmoja tu. Wanaosomea uhandisi wa vifaa tiba Muhimbili, Makerere au Chuo Kikuu cha Kenyatta wako karibu na wodi zenye maswali kuliko huyu binti wa jirani yangu.

Jirani yangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na hao vijana, nani aliwalipa kiangazi?"

Hapo alinibana, na nadhani swali lake ndilo zito kuliko yote. Maabara nyingi humchukua mwanafunzi kwa kujitolea. Mwenye wazazi wenye uwezo hujitolea, akapata uzoefu na barua nzuri. Mtoto wa mfanyakazi wa ghala hukunja mabegi ya watu dukani, na ifikapo wakati wa kuomba shule ya udaktari au uzamivu anaonekana hakupenda sayansi. Mimi sikubaliani na utaratibu huo, na humwambia kila kijana anayeniuliza aulize malipo bila haya. Kuna njia tatu: kulipwa kwa saa, kupewa alama za masomo zinazohesabiwa katika shahada, au ruzuku ya chuo kwa ajili ya wanafunzi watafiti. Ukiambiwa hakuna hata moja, kaa miezi michache ujifunze, kisha uulize tena.

Kuhusu nani anastahili, sikilizeni kwa makini, maana wengi hupoteza muda wao. Fedha za NSF hupewa raia wa Marekani na wenye ukazi wa kudumu tu. Kwa hiyo aliyekuja miaka iliyopita kwa bahati nasibu ya viza na akapata kadi yake ya kijani, au familia ya Kikongo iliyokuja kwa ukimbizi na ikakwisha kupewa ukazi huo, watoto wao wamo. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hayumo katika mpango huo, lakini anaweza kufanya kazi ndani ya chuo chake hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na maabara ni sehemu ya chuo. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni iulizwe kabla ya kuanza, si baada. Walioko vyuo vya Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland wanaweza kuutazama mpango wa RISE wa shirika la Kijerumani la DAAD, unaowapeleka wanafunzi wa shahada ya kwanza katika maabara za Ujerumani wakati wa kiangazi, chini ya usimamizi wa wanafunzi wa uzamivu, na aghalabu Kiingereza kinatosha. Ndugu zetu wa Oman wawaulize wahadhiri wao juu ya ruzuku za utafiti wa wanafunzi, ambazo zilianzishwa na Baraza la Utafiti na baadaye jukumu hilo likahamia Wizara ya Elimu ya Juu, Utafiti na Ubunifu.

Programu za kiangazi kwa kawaida hufunga maombi kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo anayeanza kuulizia Aprili amechelewa mwaka mzima. Na lazima niseme kwamba mwaka 2025 fedha za utafiti Marekani zilipunguzwa, na vyuo kadhaa vilifuta programu zao za kiangazi hicho. Usitegemee moja. Maabara ya chuo chako mwenyewe ndiyo akiba.

Binti alikwenda. Hiyo ilikuwa kiangazi cha 2024. Wiki tano za kwanza alinipigia simu akilia, kwa sababu ngozi zake bandia zilikuwa zikigandia mapovu ya hewa ndani, na povu hutawanya mwanga, kipimo kikawa cha uongo. Alizitupa zote, kundi baada ya kundi, mpaka alipojifunza kuiweka silikoni mbichi katika chombo kinachonyonya hewa na kuiacha humo kwa subira kabla ya kuimimina. Alipofika wiki ya kumi alikuwa na ngozi sita tu zinazofaa, zimepangwa kuanzia nyeupe hadi nyeusi, na grafu moja.

Siku ya maonyesho kila mwanafunzi alisimama mbele ya bango lake. Tulikwenda pamoja, mimi na baba yake, mwendo wa saa tatu kwa gari, naye amevaa koti la suti. Alimsikiliza binti yake akieleza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yake. Halafu akanyoosha mkono juu ya meza, akauweka kando ya ile ngozi ya sita, iliyokuwa nyeusi kuliko zote, akautazama. "Mwanangu," akasema, "mimi bado nimeipita."

Profesa aliuliza amesema nini. Binti akatafsiri. Yule profesa hakucheka. Alichukua kalamu, akaandika kitu pembeni ya bango, na muhula uliofuata kazi ya kwanza ya binti ilikuwa kutengeneza ngozi ya saba na ya nane.

Na zile dola 2,640? Jirani yangu alizifidia kwa zamu za Jumamosi, kuanzia Juni hadi Septemba, na watoto wa Tanga hawakurudishwa shule. Hakumwambia binti yake. Alinihadithia mimi, na wiki iliyopita nilipomwomba ruhusa ya kulisema hewani alifikiri kidogo, akasema sasa anaweza kulisikia.

Maswali yenu tuleteeni kwa anwani yetu ya kawaida, na yanayohusu viza nitamkabidhi mwenzangu mwenye ujuzi wa sheria katika kipindi kijacho. Kwa leo, kwaherini.